Pete Nyeupe Mlimani

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Naapa kwa magego yangu mawili yaliyobaki upande wa kushoto, ambayo nayaheshimu kuliko jamaa zangu wengi. Niliendesha lori la magogo katika shamba lile la miti mpaka lori likastaafu kabla yangu. Nililoliona nimeliandika. Nisiloliona niliambiwa na walioliona. Na ambalo sikuambiwa, basi tambua kwamba nyumba za kituo zile kuta zake ni za mbao, na ukipiga chafya jikoni, jirani wa tatu anakuombea afya.

Anayetuhusu hapa ni Bwana Miti. Hivyo ndivyo kila mtu alivyomwita, hata mkewe akiwa amekasirika. Watu wengi wanadhani kazi ya bwana miti ni kukaa kivulini na kungoja mti ukue, halafu kupokea mshahara. Lakini mti hauoti shambani kama ndevu. Alianzia kitaluni, kwenye mbegu ndogo kuliko chawa, akiitilia udongo, maji na kivuli. Mche ukihamia shambani aliupalilia, akapogoa matawi ya chini, akaupima unene usawa wa kifua. Kabla ya kiangazi alifyeka barabara za kuzuia moto, kilima hadi kilima. Katikati ya hayo kuna wachoma mkaa wa kufukuzwa, wafugaji wa nyuki wa kuandikiwa vibali, na akina mama wa kuni ambao humkuti hata mmoja aliyevunja tawi bichi, yote walikuta yameanguka.

Kwa miaka mingi alitazama juu, kwenye vilele, mpaka shingo yake ikazoea. Ukimuuliza jambo la miti, macho yanapanda yenyewe. Nasikia siku alipooa, mfungisha ndoa alimuuliza kama amekubali, naye akaangalia dari kwanza kuona kama imenyooka.

Mwaka ule kulikuwa na kazi mbili za rangi. Bondeni miti ilikuwa imesongamana, ikabidi ipunguzwe ili inayobaki ipate mwanga. Huko Bwana Miti alipita na kopo na brashi, kila mti mwembamba au uliopinda akauzungushia pete nyeupe: huo ukatwe. Mlimani palikuwa na miti ya zamani, minene, iliyonyooka. Hiyo ndiyo waliyoiita miti mama, kwa sababu mbegu zote za kitalu zilitoka kwake. Huko nako alipiga pete, lakini kwa maana nyingine: wenye pete usiguswe, na michovu inayouzunguka ikatwe kuupisha. Bondeni pete ilikuwa hukumu ya kifo, mlimani ilikuwa hirizi.

Kwa kawaida asingetumia rangi moja. Bondeni ingekuwa nyeupe na mlimani njano. Lakini ile njano ilikuwa imeombwa makao makuu tangu msimu wa nyuma, na kila akiuliza aliambiwa iko njiani. Msimu wa kukata haungoji rangi. Akapaka nyeupe kote, akasema atawaeleza wakataji kwa mdomo.

Wakataji walisimamiwa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, kijana wa makamo mwenye mikono kama makasia, ambaye tulimwita Msumeno. Kama shemeji yule angeamua kunyoa ndevu kwa mashine yake ya petroli, nadhani asingejikata.

Asubuhi moja Bwana Miti alipanda mlimani. Alipofika kona ya juu aliona anga mahali ambapo hapajawahi kuwa na anga. Akasimama. Akadhani amekosea njia, mtu ambaye angeweza kupita msitu ule amefungwa macho.

Msumeno alikuwa amekaa juu ya gogo, anakunywa chai kwa kifuniko cha chupa. Wenzake walikuwa wanafuta minyororo ya mashine.

"Shemeji, karibu," alisema. "Tumekumalizia mlima wako. Tazama visiki hivyo, hata kimoja hakijachanika."

Bwana Miti aliinama kwenye gogo, akaipapasa pete nyeupe kwa kiganja, kama mtu anayempima mtoto homa. Akaenda gogo la pili. Akaenda la tatu.

"Mmekata yenye pete," alisema.

"Si ndiyo kazi? Yenye pete tumeilaza, isiyo na pete tumeiacha. Hata mmoja hatukuukosea."

"Bondeni, shemeji. Pete ni kukata bondeni."

"Na huku?"

"Huku pete ni kuacha. Nilikwambia."

Msumeno akaweka kifuniko chini polepole. "Ulinambia lini?"

"Nyumbani kwangu. Mezani. Nilikueleza mpaka nikashika kikombe nikakuonyesha: hiki ni mti mama, hivi vilivyouzunguka ndivyo vya kukatwa."

"Labda ulikiambia kikombe."

Wakataji wawili wakacheka, kisha wakaona uso wa Bwana Miti, wakarudi kwenye minyororo yao. Upepo ulipita juu ya uwazi ule. Miti michovu iliyobaki, iliyopinda na yenye vifundo, ilisimama hapa na pale kama wageni waliobaki baada ya wenye nyumba kuondoka.

"Kule ukingoni mwa genge," Bwana Miti aliuliza, "mmefika?"

"Bado. Kule pana mtelemko, tulikuwa tunangoja kamba."

"Msifike."

"Hatufiki, shemeji," alisema Msumeno. Sauti yake sasa ilikuwa imeshuka. "Lakini mimi hukunambia. Hilo nitalisema popote."

* * *

Nyumbani, Bwana Miti alivua viatu mlangoni, akakaa mezani bila kunawa. Mkewe alikuwa anakuna sufuria. Mama mkwe, ambaye aliishi nao tangu magoti yalipoanza kumsumbua, alikuwa dirishani anashona kifungo cha sare ya mjukuu wake.

"Mdogo wako amenimaliza," alisema Bwana Miti.

Akaeleza. Alipomaliza, mkewe alikuwa ameacha kukuna sufuria lakini hajaiweka chini.

"Amekata yote?" aliuliza.

"Iliyobaki ni ile ya gengeni. Kule mtu hafiki ila kwa kamba." Akasugua uso. "Nilimwambia. Wewe ulikuwepo, mama watoto. Nilimwambia hapa hapa."

Mkewe akaangalia sufuria. "Kulikuwa na maneno mengi siku ile," alisema.

Mama mkwe alikata uzi kwa meno. "Mkwe, mimi nakula chakula chako na nalala chini ya bati lako, kwa hiyo sina la kusema."

"Sema tu, mama."

"Sina. Ila mwanangu si kiziwi. Akiwa mdogo nilikuwa nikifungua kopo la sukari, anasikia toka mtoni."

"Hakuna aliyesema ni kiziwi."

"Basi sijasema kitu," alisema mama mkwe, akatia uzi mwingine kwenye sindano.

Nikueleze jambo moja kuhusu nyumba ile, maana ndiyo iliyokuwa inanyima watu usingizi. Haikuwa yao. Ilikuwa nyumba ya cheo: anayesimamia msitu ndiye anayelala humo, na cheo kikiondoka, nyumba inamfuata mwenye cheo mpya. Ilikuwa na vyumba vinne, baraza ya saruji, na bomba la maji jikoni, ndani kwa ndani. Kituo kizima ni nyumba mbili tu zilizokuwa na bomba ndani. Kabla ya kuipata, mke wa Bwana Miti aliishi miaka katika chumba cha kupanga, uani kwa watu, choo cha foleni, na mama mwenye nyumba aliyekuwa akizima taa zote kwa swichi iliyo chumbani kwake mwenyewe. Siku alipofungua bomba lile mara ya kwanza, aliliacha litiririke akalitazama tu, kama mtu anayetazama picha ya harusi yake.

Msumeno naye alikuwa na chake cha kupoteza. Mkataji anaishi kwa jina. Ikienea kwamba amelaza miti mama yote ya mlima, hapewi kazi tena hata ya kupunguza ua wa kanisa.

Kosa ni moja, wanaume wawili, na lazima mmoja alibebe. Katikati yao yuko mwanamke mmoja, mke wa huyu na dada wa yule.

* * *

Meneja alikuja siku chache baadaye, amevaa buti mpya ambazo bado zilikuwa zinalia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wakubwa wake. Alimtaka Bwana Miti ampeleke mlimani, na kwenye kila kisiki alisimama akauliza, "Na hapa?"

"Hapa palikuwa na mti mama."

"Na hapa?"

"Hapa pia."

Kanda ya kupimia, ambayo Bwana Miti aliibeba kiunoni tangu aajiriwe, Meneja aliiomba akampa dereva wake aishike. Dereva hakujua hata iliko sifuri. Bwana Miti akawa anamwelekeza, geuza, hapo ni nyuma, na Meneja akamwambia, "Mwache, atapima tu." Wakapima mlima mzima hivyo, mjuzi mikono mitupu, asiyejua ameshika kanda.

Wakati huohuo, kule nyumbani, karani wa kituo alibisha hodi akiwa na kalamu sikioni.

"Shikamoo mama," alimsalimia mama mkwe. "Dada, samahani. Nakagua nyumba kidogo. Utaratibu tu."

"Utaratibu umeanza leo?" aliuliza mke wa Bwana Miti.

"Nimetumwa, dada yangu."

Alipita chumba kwa chumba. Alitikisa madirisha, akagonga milango kwa vifundo vya vidole. Aliuliza kama mapazia ni ya kituo au ya kwao. Mama mkwe akamjibu kwamba mapazia ni ya kituo lakini jua lililoyapausha ni la kwao. Mwisho karani akafika jikoni, akafungua bomba, akakinga mkono, akafunga.

"Linatoa maji vizuri," alisema, kwa sauti ya mtu anayejaribisha kiatu dukani.

Mke wa Bwana Miti alichukua kitambaa akaifuta ile koki. Akaifuta hata baada ya karani kuondoka.

Jioni Meneja alimkalisha Bwana Miti kwenye benchi la nje ya ofisi, si ndani, akakaa karibu naye na kushusha sauti.

"Sikiliza. Mimi sitaki kukupoteza. Wewe unaujua msitu huu. Lakini juu wanataka jina. Ukisema ulimpa yule bwana maagizo naye akayapuuza, tunamwondoa yeye na kikosi chake, wewe tunakuonya kidogo, maisha yanaendelea. Kesho asubuhi tunakaa ofisini wote watatu. Useme hilo tu."

"Na ndivyo ilivyokuwa," alisema Bwana Miti. "Nilimwambia."

"Basi una shida gani?"

"Ni shemeji yangu."

"Shemeji hapungui kwa kufukuzwa kazi," alisema Meneja, akasimama. Buti zake zikalia mpaka kwenye gari.

* * *

Msumeno hakuwa amekanyaga nyumbani kwa dada yake tangu siku ile. Kwa hiyo dada mtu alifunga chakula kwenye bakuli la mfuniko, akamfuata kambini kwa wakataji, turubai nne zilizozunguka kisiki kikubwa wanachokitumia kama meza. Alimkuta amekaa peke yake, amefungua mashine, sehemu zake zote zimepangwa juu ya gunia.

"Umekonda," alisema dada.

"Ni shati. Limefuliwa likavutika." Akafunua bakuli, akanusa, akalifunika tena. "Mama hajambo?"

"Anakutetea mpaka shemeji yako anaogopa kuomba chumvi."

Msumeno akatabasamu kidogo. Akachukua kipande cha chuma akakipuliza vumbi.

"Unafungua mashine ya nini? Imeharibika?"

"Nzima. Naisafisha nimuuzie yule wa bondeni. Kesho wananiondoa, dada, mbona wote wanajua? Hata mpishi wetu ameanza kuniita 'marehemu bosi'."

"Huna hasira?"

"Na nani? Na shemeji? Yule haongopi. Nimefanya naye kazi miaka, hajui hata kuongopea umri wake. Akisema aliniambia, anaamini aliniambia." Akakiweka kile chuma mahali pake juu ya gunia. "Ila hakuniambia. Sasa mimi nifanye nini? Nimwite mwongo mtu asiyeongopa, mbele ya watu, na dada yangu ni mkewe? Bora niuze mashine."

Dada yake alikaa kwenye ukingo wa kisiki. Alikaa hapo mpaka Msumeno akamuuliza kama anangoja bakuli.

"Kula," alisema. "Bakuli nitalichukua siku nyingine."

* * *

Alimkuta mumewe nyuma ya nyumba, anapaka viatu rangi kwa ajili ya kesho. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Ile siku uliyoeleza habari ya pete," alianza, "unakumbuka tulikula nini?"

"Kula kuna uhusiano gani?"

"Jibu tu."

"Maharage. Mdogo wako akasema yana chumvi nyingi, ukamwambia akaoe."

"Halafu?"

"Halafu nikaanza kumweleza ya mlimani."

"Hapana. Halafu mtu alimwita nje. Mnyororo wa mashine yao ulikuwa umekatika, akatoka na tonge mdomoni. Wewe ndipo ukaanza kueleza. Ulishika kikombe ukaeleza vizuri kabisa. Hiki ni mti mama, hivi ndivyo vya kukatwa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, nimeshika sahani yake."

Bwana Miti aliacha kupaka. "Alikuwepo. Alikuwa anaitikia."

"Nilikuwa naitikia mimi. Mmh, mmh, ili nimalize kutoa vyombo."

"Ningemwona kama hayupo."

"Wewe ukieleza mambo ya miti unatazama darini, mume wangu. Tangu nikujue. Mezani angekaa ng'ombe, usingemwona."

Macho ya Bwana Miti yalipanda, yakaenda juu ya bati, juu ya bomba la moshi, yakakaa huko. Mkewe alimwacha. Alijua anakitafuta kile kiti, na alijua sekunde aliyokipata, kwa sababu mkono wenye brashi ulishuka mpaka rangi ikagusa suruali.

"Kilikuwa kitupu," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia tangu siku ile niliporudi?"

Mkewe alinyoosha kidole gumba nyuma ya bega, kuelekea jikoni. "Kwa sababu nyumba hii ina bomba ndani."

Kutoka dirishani ilisikika sauti ya mama mkwe akimwambia mjukuu wake asome kwa sauti, kwamba kusoma kimoyomoyo ni kulala macho wazi.

"Na sasa kwa nini umeniambia?"

"Nimetoka kumwona. Hana hata hasira. Angenitukana ningenyamaza mpaka kaburini." Alisimama, akairudisha ndoo mahali pake. "Mimi nimeshasema nililoliona. Kesho ni yako. Ukisema ulimwambia, sitakuja kukusuta mbele ya watu. Lakini humu ndani tutakuwa wawili tunaojua."

"Wewe utaishi wapi, mama watoto, nikiyasema hayo?"

"Nitaishi unapoishi," alisema. "Ila usinitafutie chumba chenye foleni ya choo. Hilo nalo liseme kesho, ukipata nafasi."

* * *

Asubuhi ile ofisini, Bwana Miti alisimama. Meneja alikuwa nyuma ya meza, karani pembeni, Msumeno karibu na mlango amevaa shati lile lililovutika. Bwana Miti akaweka mkono kifuani akazungumza kwa sauti ambayo haijawahi kusikika kituoni. Alisema: rangi ni yangu, pete ni zangu, na kosa ni langu, na nikiibeba lawama hii juu ya mgongo wa mtu mwingine, miti yote niliyoipanda initolee ushahidi. Alizungumza habari ya mbegu na vizazi. Dirisha lilikuwa wazi, na miti yote ya bonde ikawa imetulia, hata jani halitikisiki, inamsikiliza. Alipomaliza, ngurumo moja ilipiga, mvua ikaanza kunyesha katikati ya kiangazi. Meneja akavua kofia. Akafuta jicho kwa kofia ileile. Akachana karatasi iliyokuwa mbele yake vipande vipande, akasema, "Mtu kama huyu siwezi kumtoa katika nyumba ile," na...

"Soma tena hapo pa mvua," alisema mke wa Bwana Miti.

Nilikuwa namsomea yeye na mama yake, kwao, kwa sababu niliona si haki kuandika habari za watu bila kuwasikilizisha. Mpaka pale alikuwa ametulia kabisa, hata pale pa bomba aliitikia kwa kichwa. Nikasoma tena pa mvua.

"Dereva," alisema, "siku ile mvua ilinyesha?"

"Manyunyu."

"Nilikuwa nimeanika godoro nje."

"Basi ilinyesha upande mmoja."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa karibu," nilisema.

"Ulikuwa umelala chini ya lori," alisema mama mkwe. "Miguu ilikuwa nje. Nilikuruka."

Mke wa Bwana Miti aliingia ofisini siku ile, maana ndiye aliyepeleka birika la chai, na akajifanya anatafuta kijiko mpaka mambo yakaisha. Akanieleza yalivyokuwa, na ninayaandika kama alivyoyasema. Mumewe hakusimama. Alisema akiwa amekaa, macho chini kwa mara moja maishani, "Sikumwambia. Nilimwambia mke wangu, nikadhani nimemwambia yeye." Meneja akamtazama. Kisha akacheka. Alijaribu kuzuia akashindwa, na karani naye akashika tumbo. "Maagizo ya msitu umempa mkeo?" Meneja aliuliza. "Akiwa anaosha vyombo?" Na Bwana Miti akajibu, "Alikuwa bado anavitoa mezani." Wakacheka tena. Aliyekaa bila kucheka alikuwa Msumeno peke yake. Waliocheka walipoanza kukohoa, yeye akasema, "Na mimi niliona pete kwenye miti mizuri kuliko yote nikashangaa. Nilishangaa mchana mzima. Sikuuliza." Hakuna aliyemwomba aseme hayo.

"Na karatasi haikuchanwa?" niliuliza.

"Ilijazwa," alisema. "Zungusha macho, dereva. Unaona vyumba vinne?"

Sikuviona. Tulikuwa tumekaa kwenye baraza ya udongo ya nyumba ya kitalu, vyumba viwili, mama mkwe na mjukuu kitanda kimoja, bomba liko nje, hatua chache, na wanalishirikia na vitalu vyote vya miche. Cheo kilikwenda kwa mwingine. Bwana Miti amerudishwa alikoanzia, kwenye mbegu ndogo kuliko chawa, na katika nyumba ya bomba anaishi bwana mmoja ambaye hana hata sufuria ya kuosha. Msumeno amebaki na kikosi chake kwa onyo. Jumapili, bila malipo, ndiye anayeshuka gengeni kwa kamba kufuata mbegu za ile miti michache iliyookoka, na shemeji yake yuko juu ameshika kamba, anamtazama yeye, si vilele.

"Lakini choo ni cha kwetu wenyewe," alisema mke wa Bwana Miti. "Hilo alilisema. Walipomaliza kucheka alilisema, wakaandika."

Nikafunga karatasi zangu nikitaka kuaga. Alinyoosha mkono akanishika kiwiko.

"Hotuba ni uwongo. Ngurumo ni uwongo. Mvua, miti kusikiliza, kofia, na karatasi kuchanwa."

"Na sijawahi kusema habari za kopo la sukari," alisema mama mkwe. "Ilikuwa maziwa ya unga."

"Na maziwa ya unga. Kila uwongo safu moja."

"Safu ya nini, dada yangu?"

Alinibwagia miguuni beseni la udongo uliochanganywa mbolea, na furushi la vile vifuko vyeusi vya plastiki wanavyooteshea miche. Nikamwambia nina mgongo. Mama mkwe akasema yeye ana magoti, na akanisogezea kigoda. Nikaanza kujaza, kifuko baada ya kifuko, nikivisimamisha kwa mstari. Nilikuwa kwenye safu ya ngurumo Bwana Miti alipoingia na mfuko wa mbegu mkononi. Aliangalia anga kwanza. Halafu akaniangalia, akaangalia vifuko, akachuchumaa akakiminya kimoja kwa vidole viwili.

"Shindilia chini, dereva," alisema. "Ukiacha hewa mzizi unapinda."

Nikakimwaga kile kifuko, nikakijaza upya.